Rodi Laini kwa Chuma Kigumu

Nawasalimu mlioko Tororo mjini chini ya lile jabali, nawasalimu watu wa Malaba, nawasalimu watu wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Na leo nawasalimu kwa namna ya pekee watu wa Sop Sop, ambao jioni hii wamekwisha kuwafungua ng'ombe nira, plau wameiegemeza ukutani, na sasa wananawa miguu.

Mazungumzo ya leo ni ya kijiti. Kijiti cha kuchomelea, au rodi kama tunavyoiita karakanani: kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, chembamba kuliko penseli, chuma ndani na unga mkavu nje. Swali langu ni moja. Chuma kigumu kilichofuliwa, chuma cha sululu, cha mtaimbo, cha shoka, cha ncha ya plau, kikikatika, kishikwe kwa rodi gani?

Nawaomba mama zangu na baba zangu ambao hawajawahi kushika mashine ya weldi wasifunge redio. Jembe likikatika katikati ya msimu wa kupanda, hasara si ya fundi. Ni ya mwenye shamba.

Nilipoanza kazi hii, nikiwa bado kijana, mzee mmoja mchimba visima aliniletea sululu yake. Haikuwa sululu ya dukani. Mhunzi aliifua kutokana na springi ya lori, na mzee alikuwa ameitumia miaka mingi kuvunjia moramu. Ilikuwa imekatika karibu na tundu la mpini. Nikaisafisha kwa grainda, nikachukua rodi iliyokuwa karibu, ile ile niliyokuwa nikichomelea madirisha na mageti, nikaongeza moto, nikapiga mshono. Nilipobandua magamba ya weldi, mshono ulikuwa umelala vizuri, umepangika kama magamba ya samaki. Mzee alikuwa na haraka, kisima kilimngoja. Nikaitumbukiza sululu katika ndoo ya maji, ikapiga mvuke, ikapoa, akaondoka nayo.

Kesho yake asubuhi alirudi na vipande viwili. Hakunigombeza. Aliviweka juu ya fuawe, akaniambia, "Mwanangu, tazama." Nilichokiona sijakisahau. Mshono wangu ulikuwa mzima, haukuachia popote. Kilichokatika ni chuma chake mwenyewe, kando kabisa ya mshono, katika mstari ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa tindo, na ndani ya mkato ziling'aa chembechembe kama sukari. Nilimrudishia pesa zake. Lakini aliniachia swali: imekuwaje mshono upone, na chuma kife ubavuni mwake?

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma cha mageti, madirisha na fremu za vitanda ni chuma laini. Katika kilo moja ya chuma hicho mna kama gramu 2 za kaboni, pengine pungufu. Katika kilo moja ya springi ya lori mna kama gramu 6, na juu yake pameongezwa manganizi na kromi kidogo. Reli ya garimoshi ina gramu 7 au zaidi. Chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini kuukuu, kina gramu 20 hadi 40, na hicho ni ukoo mwingine tutakaouzungumzia siku yake.

Kati ya geti na springi, basi, tofauti ni gramu 4 tu katika kilo nzima. Ni uzito wa kijiko cha sukari. Lakini kijiko hicho ndicho kinachompa mhunzi uwezo wa kutia makali. Chuma chenye kaboni ya kutosha ukikichoma mpaka kiwe chekundu kisha ukakipoza ghafla, hubadilika ndani kwa ndani. Huwa kigumu hata tupa inateleza juu yake, na papo hapo huwa rahisi kuvunjika kama kioo. Mhunzi analijua hilo. Ndiyo maana akishakichovya hakiachi hivyo, hukirudisha motoni kwa joto la chini ili kipunguze ukali na kipate ustahimilivu.

Sasa mtazame fundi wa weldi. Pale rodi inapogusa, chuma kinayeyuka, na chuma hakiyeyuki mpaka kifike karibu digrii 1,500. Lakini sentimita chache pembeni, sululu bado ni baridi. Ubaridi ule hunyonya joto la mshono kwa kasi kubwa. Hata kama huna ndoo ya maji, chuma baridi kilichozunguka mshono kimekwisha kuuchovya kwa niaba yako. Ukanda mwembamba wa milimita chache kando ya mshono umegeuka kioo, na haujapata mhunzi wa kuurudisha motoni. Mimi nilichomelea sululu ikiwa baridi, kisha nikamalizia kwa ndoo. Nilitengeneza kioo mara mbili.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo ndani ya rodi.

Unga uliopakwa rodi una kazi kubwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Göteborg, Uswidi, mhandisi Oscar Kjellberg alikuwa akitafuta njia ya kukarabati meli na boila kwa moto wa umeme. Waya mtupu ulitoa mshono mbovu, kwa sababu hewa iliingia katika chuma kilichoyeyuka na kukiharibu. Kjellberg akauvika waya koti la madini ambalo likiungua hutoa moshi wa kukinga na magamba ya kufunika. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1904, ESAB, bado inatengeneza rodi hadi leo. Kila rodi tunayoishika hapa mpakani ni mjukuu wa kazi ile.

Lakini koti lile linaweza kubeba maji, na katika moto wa weldi maji hupasuka yakatoa haidrojeni. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na hupenya ndani ya chuma kilichoyeyuka kama maji katika mchanga. Chuma kikipoa, gesi inataka kutoka. Inasafiri polepole, ikitafuta mahali pa kukaa, na mahali inapojikusanya ni pale penye ugumu na mkazo, yaani katika ule ukanda wa kioo. Hapo huanza kupasua. Haipasui mbele ya macho ya fundi. Inapasua baada ya saa kadhaa, usiku, wakati mwingine hata baada ya siku mbili. Mafundi wengine wamewahi kuisikia: karakana imenyamaza, na chuma kilicholala juu ya meza kinalia tik.

Kwa hiyo ufa huu hutaka mambo matatu yakutane: chuma kilichogeuka kioo, haidrojeni, na mkazo wa chuma kinachovutana kikipoa. Ukiondoa moja, ufa haupati nafasi. Kuchagua rodi, ndugu zangu, ni kuamua ni lipi kati ya hayo matatu utaliondoa.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, nami nilipotea pamoja nao. Tunafikiri hivi: chuma ni kigumu, basi nipe rodi ngumu kuliko zote. Fundi anakwenda dukani, anauziwa rodi ya kupaka ugumu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvika meno ya trekta na nyundo za mashine za kusaga ili yasilike na mchanga. Rodi hiyo ni nzuri kwa kazi yake. Lakini si rodi ya kuunganisha. Ikipoa mara nyingi huota nyufa ndogondogo, na katika kazi yake nyufa hizo hazidhuru kitu. Ukiunganishia sululu kwa rodi hiyo umeweka kioo juu ya kioo.

Ukweli ni kinyume chake. Chuma kigumu kinashikwa na rodi laini kuliko chenyewe. Mshono unapaswa kuwa mahali panapokubali kuvutika kidogo, pakapokea mkazo badala ya kuusukumia kwenye ukanda mwembamba wa pembeni. Ugumu utautia baadaye, juu, pale panapochimba na panapolika. Katikati, pale pa kushikana, weka chuma chenye kunyumbulika.

Tusome pamoja namba za boksi. Rodi inayouzwa kila duka la vyuma kutoka Busia hadi Mbale ni 6013. Mafundi wanaiita kwa unene wake, geji 12 ya milimita 2.5, au geji 10 ya milimita 3.2. Zile tarakimu mbili za mwanzo, 60, zinasema mshono utahimili mvuto wa paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tarakimu ya tatu, 1, inasema unaweza kuchomelea katika kila mkao, wima hata juu ya kichwa. Ya nne, 3, inasema ni unga wa aina gani. 6013 inawaka kwa urahisi, magamba yake yanabanduka yenyewe, na kwa geti au dirisha sijaona bora kuliko hiyo. Lakini unga wake hutoa haidrojeni nyingi. Chuma laini hakijali. Sululu inajali.

Rodi ya pili ni 7018. Watu wanaona 70 wakadhani faida yake ni nguvu zile 10,000 zilizoongezeka. Sivyo. Tarakimu ya mwisho, ile 8, ndiyo inayookoa sululu, kwa maana inasema unga wake ni wa haidrojeni kidogo. Ukiona boksi limeongezwa alama H4, maana yake katika gramu 100 za mshono haidrojeni haizidi mililita 4. Rodi za kawaida huzidi hapo mara kadhaa.

7018 ina masharti. Inataka uishike karibu sana na chuma, bila kuirusharusha mbele na nyuma kama tulivyozoea. Inapenda umeme wa kwenda upande mmoja, na rodi ikae upande wa chanya. Hapa pana shida yetu ya kweli, kwa kuwa mashine nyingi katika karakana zetu ni zile za kusukwa kienyeji, zenye umeme wa kwenda na kurudi, na nyingi kati ya hizo hazina msukumo wa kutosha kuiwasha 7018. Inanata, inazimika, fundi anakasirika, anairudisha dukani akisema rodi ni mbovu. Rodi si mbovu. Ni mashine isiyoiweza. Mashine ndogo ya inveta, ile ya kubeba begani, inaiwasha vizuri, na kwa rodi ya milimita 3.2 inataka ampia 100 hadi 140 hivi.

Aina ya tatu ni rodi za ukoo wa chuma kisichoshika kutu: 309 na 312. Ndani yake mna kromi na nikeli kwa wingi. 312 ina karibu sehemu 29 za kromi na 9 za nikeli katika kila sehemu 100. Chuma cha aina hii kinabaki chenye kunyumbulika hata kikipoa haraka, tena kinaimeza haidrojeni na kuishika ndani yake isikimbilie ukanda mgumu. Inawaka pia katika mashine nyingi ambazo zinaishinda 7018. Kwa springi iliyofuliwa, kwa shoka, kwa chuma usichokijua asili yake, hii ndiyo ningeichukua kwanza. Bei yake ni kubwa, sitaficha. Lakini haiuzwi kwa boksi peke yake, na sululu moja haihitaji zaidi ya rodi mbili tatu. Piga hesabu pamoja na mwenye chombo kabla ya kuwasha mashine, mwambie kwa nini, naye ataamua.

Tumetaja rodi. Sasa utajuaje kwamba chuma kilicho mbele yako ni kigumu? Hakina boksi wala namba. Kishike kwa tupa: chuma laini kinalika, chuma kilichotiwa makali kinaitelezesha tupa. Kisha kiguse kwenye grainda ukitazama cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu, chache, za manjano, zinazoruka na kuzimika. Chuma chenye kaboni hutoa cheche fupi zinazopasuka mwishoni na kutawanyika kama nyota, na kadiri kaboni inavyozidi ndivyo nyota zinavyosongamana. Weka karibu nawe kipande cha nondo laini na kipande cha springi unachokijua, uvigusishe kimoja baada ya kingine, ulinganishe. Ni kipimo cha dakika moja, na kingeniokoa siku ile.

Kisha kuna suala la ukavu, na hili kwetu lina uzito wa pekee. Tunaishi karibu na ziwa. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za baadaye mwakani, zinaloweka hewa yote kuanzia Majanji na Port Victoria hadi huku juu. Dukani boksi la rodi limefunguliwa na rodi zinauzwa moja moja. 7018 iliyokaa wazi namna hiyo imekwisha kunywa maji, na namba yake nzuri imebaki jina tu. Kanuni zinazofuatwa na wajenzi wa madaraja ni kwamba 7018 ya kawaida ikitoka kwenye boksi lililozibwa au kwenye tanuri lake, isikae hewani zaidi ya saa 4. Ikishaloweka inarudishwa katika tanuri la digrii 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili.

Hatuna tanuri hilo. Lakini tunaweza kuungana mafundi watatu, wanne, tukanunua boksi moja lililozibwa, tukalifungua siku ya kazi, na zinazobaki tukazifungia katika bomba la chuma lenye kifuniko kinachobana. Wengine hutumia sanduku la bati lenye balbu ya kuwaka ndani, ile ya zamani inayotoa joto. Sanduku hilo halirudishi ukavu uliopotea, ila linaulinda ambao bado upo. 6013 haitaki moto mkali hivyo. Ikipata unyevu, joto la kama digrii 100 linaitosha. Na usitie rodi ya aina yoyote juani ukadhani umeikausha.

Nimesema ufa unataka mambo matatu. Rodi nzuri na kavu inaondoa haidrojeni. Lakini kioo bado kipo, na hicho kinaondolewa na mkaa.

Kabla ya kuchomelea, kipande kichemshwe. Chuma cha springi kinataka digrii 200 hadi 300. Hapa hatuna haja ya kipimajoto cha dukani, kwa sababu wahunzi walikuwa nacho tangu zamani, ni rangi. Piga tupa sehemu moja mpaka ing'ae kama kioo cha kujitazamia. Weka chuma juu ya mkaa, moto wa polepole, ukitazama pale palipong'aa. Rangi ya majani makavu ikitokea, umevuka digrii 200. Rangi ya zambarau ikija, unakaribia 280. Ikiwa buluu, umefika kama 300, simama hapo. Kati ya majani makavu na zambarau ndipo pa kufanyia kazi.

Kingo ziwe zimefunguliwa mapema kwa grainda kama herufi V, mpaka chini, kutu na mafuta vimetoka vyote. Chomelea mishono mifupi. Kila mmoja ukishabandua magamba, ugonge taratibu kwa nyundo ukiwa bado moto, ili chuma kilegeze mvutano. Kisipoe katikati ya kazi. Kikianza kupoa kirudishe mkaani. Ukimaliza, kirudishe tena juu ya moto dakika kadhaa, kisha kizike katika jivu kavu na ukiache mpaka kesho. Jivu ni blanketi. Linamfanya mchovyaji yule asiyeonekana, ubaridi, asipate pa kuingilia. Joto linaondoka saa baada ya saa, na haidrojeni kidogo iliyobaki inapata wakati wa kutoka bila kuvunja kitu. Ukitumia 312 unaweza kuchemsha kidogo tu, kupita vuguvugu, lakini jivu usiliache.

Makali ya ncha yatakuwa yamelegea kwa joto lile. Hilo si kosa. Chukua sululu umpelekee mhunzi aitie makali upya ncha peke yake, mbali na mshono. Kazi ya chuma kigumu ni ya mafundi wawili.

Na nikitaja mhunzi katika nchi hii, nataja watu wenye heshima. Milima ya Samia iko hapa hapa, mpaka umeikata, nusu Kenya nusu Uganda. Muda mrefu kabla ya mpaka huo, Wasamia walichimba mawe ya chuma katika milima hiyo, wakayayeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe. Majembe yale yalisafiri kwa majirani, yakabadilishwa kwa chakula na mifugo, yakatolewa hata katika mahari. Mhunzi hakuwa na rodi wala umeme. Alikuwa na rangi ya moto, nyundo, na subira. Ninapomwambia kijana wa leo atazame rangi ya majani makavu kabla ya kuwasha inveta, simfundishi ufundi wa kigeni. Elimu ya moto ilikuwepo hapa kabla ya waya wa umeme kufika.

Msidhani makosa haya ni ya karakana ndogo za vijijini. Tarehe 10 Julai 1962, katika mji wa Melbourne, Australia, daraja la King Street lilishuka chini ya lori lenye uzito wa tani kama 45. Daraja lilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mihimili yake ilikuwa ya chuma chenye nguvu kuliko cha kawaida, na kwa hiyo chenye tabia ngumu kuchomelea. Uchunguzi ulikuta nyufa zilizoanzia kando ya mishono, nyingine tangu siku za kuchomelea karakanani, zilizopita mbele ya wakaguzi bila kuonekana. Bahati njema hakuna aliyekufa. Wale walikuwa wahandisi, na wakaguzi walikuwepo. Chuma hakikuwaonea haya. Ufa uliovunja mihimili ya Melbourne na ufa uliovunja sululu ya mzee wangu ni ndugu.

Hapa nataka niseme neno kwa mafundi wa Malaba na Busia, mnaokaa kando ya msururu wa malori. Dereva atakuja na springi iliyokatika, au fimbo ya usukani, akiwa na haraka ya kuvuka, atakuambia ichomelee tu nifike Jinja, nifike Eldoret. Usiichomelee. Springi inapinda na kunyooka maelfu ya mara kwa siku, na usukani umeshika roho za watu ambao hawajui jina lako. Rodi niliyoisifu leo, na jivu, na rangi, vyote ni kwa ajili ya sululu, shoka na plau, vyombo ambavyo vikikatika vinaanguka miguuni pa mwenyewe. Springi ya gari inanunuliwa nyingine. Ile iliyokatika mwuzie mhunzi, naye ataifanya mitaimbo mitatu mizuri. Na kipande cha reli akikuletea mtu usiku, hicho kikatae hata kama unahitaji fuawe. Reli hiyo inabeba garimoshi.

Nimebakiza jambo moja, na kwangu ndilo gumu kuliko rodi na moto. Ni siku mbili.

Ukishakitoa chuma katika jivu, usimkabidhi mwenyewe papo hapo. Kiache mezani saa 48. Nimewaambia ufa unakuja fundi amelala. Basi upe nafasi uje chuma kikiwa bado kwako. Siku ya tatu kifute, kiangalie kando ya mshono kwenye mwanga wa jua, kisha kining'inize kwa kamba na ukigonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda. Chenye ufa kinatoa sauti fupi, iliyoziba, kama chungu kilichopasuka. Sikio lako litajua.

Nasema ni gumu kwa sababu mteja amesimama mbele yako, mvua imenyesha jana, ardhi iko tayari, na jirani yake amekwisha kulima nusu eka. Anataka chombo chake leo. Fundi wa pili barabarani atampa leo. Ukimwambia njoo baada ya siku tatu, unaweza kumpoteza. Mimi nimewapoteza baadhi. Lakini vile vipande viwili juu ya fuawe vilinifundisha kwamba nilipompa mzee sululu yake siku ile ile sikumpunguzia muda. Nilimchukulia siku nzima ya kisima.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wenye vyombo, baba na mama wa Sop Sop na kwingineko. Msiungoje msimu uanze. Tazameni plau mapema, tazameni sululu, pelekeni kilicholegea wakati ardhi bado kavu. Muulizeni fundi: hiki ni chuma gani, na utakishika kwa rodi gani? Akichukua tupa na kutazama cheche kabla ya kuwajibu, mmepata fundi. Na akiwaambia njooni baada ya siku tatu, mpeni hizo siku.

Yule mzee mchimba visima alinipa. Alirudi baada ya miezi kadhaa na sululu nyingine, akaiweka juu ya fuawe ile ile, akaniuliza, "Safari hii itachukua siku ngapi?" Nilimwambia tatu. Akasema sawa, akaketi kwenye benchi akanywa maji, akaenda zake. Siku ya tatu niliigonga mbele yake, naye akainamisha kichwa kusikiliza.